Kundi la kulinganishia

Kundi la kulinganishia (pia: kundi dhibiti) ni sehemu ya jaribio la biolojia inayotunzwa sawasawa na nyingine, ila hainyweshwi, hailishwi wala haidungwi kile kinachopimwa. Huonyesha mambo yangekuwaje bila mkono wa mtafiti.

Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kusini mwa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, kinaonyesha hasara ya kulikosa. Miaka ya 1970 viboko wa hifadhi hiyo walikadiriwa kufika 29,000. Mwaka 2005 hawakufika 1,000, wengi wakiwa wameuawa na watu wenye silaha kwa ajili ya nyama na meno. Samaki nao walipungua. Maelezo yaliyozoeleka ni haya: kiboko hula nyasi nchi kavu usiku, akirudi majini hunya, na kinyesi hurutubisha mwani unaoliwa na tilapia. Hoja hiyo inaingia akilini. Lakini miaka hiyohiyo mitumbwi isiyo na kibali iliongezeka, nyavu za matundu madogo zikazoa hata samaki wachanga. Ziwa ni hilo moja. Hakuna jingine lililovuliwa vivyo hivyo huku viboko wake wakisalimika. Nani basi atajua kipi kimetokana na kinyesi, na kipi na nyavu?

Kwenye mto Ruaha Mkuu, Tanzania, watafiti waliweza kulinganisha madimbwi yenye viboko wengi na yenye wachache. Matokeo yaliyotolewa 2018 yalionyesha kwamba maji yalipoacha kutiririka, kinyesi kilirundikana, oksijeni ikapungua, na aina za samaki zikapungua pia. Mbolea ileile inayosifiwa Vitshumbi! Hata hapo pana dosari: viboko hujichagulia dimbwi, hawapangwi.

Wagonjwa, tofauti na viboko, huweza kupangwa kwa bahati nasibu. Ndivyo ilivyokuwa katika jaribio la Pamoja Tulinde Maisha, lililoanza Novemba 2018 wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na kuandikisha wagonjwa 681. Kuwanyima baadhi yao dawa kungekuwa ukatili, hivyo kundi la kulinganishia lilipewa ZMapp, dawa iliyokwisha kuonyesha dalili njema. Katika kundi hilo karibu nusu walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliopewa dawa za mAb114 au REGN-EB3, karibu theluthi. Kuwapangia wagonjwa ZMapp kulisitishwa Agosti 2019. Theluthi ya wagonjwa kufa, ikitazamwa peke yake, ingesomeka kama dawa iliyoshindwa.