Mpingo Una Majina, Udongo Hauna: Wafinyanzi wa Kingo za Ruvuma

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wa sekondari hapa Mtwara kwamba sanaa ya Wamakonde ni uchongaji wa mpingo. Niliwaeleza vinyago vya mapiko, niliwachorea ubaoni mtindo wa ujamaa, watu waliopandana kama nguzo, na nilimtaja Samaki Likankoa, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani. Sikutaja chungu hata siku moja. Leo nimestaafu, na kosa hilo nalikiri mbele yenu, wapenzi wa lugha.

Nalikiri kwa sababu nililelewa na mfinyanzi. Bibi yangu aliishi Newala, juu ya uwanda ambako maji ni ya taabu. Wanawake waliteremka bondeni kuyateka, na huko huko walichimba udongo, wakapanda nao mlima. Bibi aliukanda, akautoa vijiwe, akauinua ukuta wa chungu kwa mikono mitupu akikizunguka yeye mwenyewe, maana gurudumu la mfinyanzi hakulijua. Alilainisha kwa gunzi, akasugua kwa kokoto ya mtoni, akatia nakshi kabla udongo haujakauka. Kisha vyungu vilichomwa uwanjani kwa kuni na nyasi. Udongo uliosalia aliufinyanga kobe, ndege, au mwanamke mwenye ndonya na tumbo la mimba. Sisi watoto tuliviita vya kuchezea.

Nilipohitimu chuo cha ualimu nilimpelekea zawadi ya sufuria. Aliigeuza, akaitazama kitako, akaniuliza: “Mjukuu wangu, hiki kimefinyangwa na nani?” Nilicheka. Sikuwa na jibu, wala sikujua kwamba lilikuwa swali la historia.

Katika mila za Wamakonde, mti ulikuwa wa wanaume na udongo wa wanawake. Vinyago vya mpingo vilipopata wanunuzi wa kigeni, hasa tangu miaka ya 1950 wachongaji wengi walipokuwa Dar es Salaam, majina ya mafundi yalianza kuandikwa. Chungu kilibaki jikoni. Kilinunuliwa na jirani, kikapikiwa, kikavunjika, na hakuna aliyeuliza jina la aliyekifanya. Hivyo nusu ya sanaa ya watu hao ikaingia vitabuni, nusu ya pili ikaingia jalalani.

Aliyeuvunja ukuta huo alizaliwa ng’ambo ya mto. Ng’ambo hiyo haiko mbali. Mpaka wa Ruvuma ni mapatano ya Wajerumani na Wareno ya mwaka 1886, na hata baada ya hapo Wajerumani waliivamia Kionga, kusini ya mlango wa mto, mwaka 1894, hadi Wareno walipoitwaa mwaka 1916. Wamakonde walikuwa kingo zote mbili.

Reinata Sadimba alizaliwa mwaka 1945 katika kijiji cha Nemu, uwanda wa Mueda, Msumbiji. Alifundishwa udongo kama wasichana wenziwe, kwa ajili ya vyombo vya nyumbani. Alishiriki harakati za FRELIMO za kupigania uhuru. Baada ya uhuru wa mwaka 1975, vyungu vyake vilianza kuota nyuso. Shingo ya mtungi ikawa shingo ya mwanamke mwenye chale. Tumbo la chungu likawa tumbo la mama. Viumbe ambavyo msitu haujapata kuviona vikatoka mikononi mwake. Mwaka 1980, nchi yake ikiwa vitani, alivuka kuja Tanzania, akakaa hadi mwaka 1992. Aliporejea aliweka makazi Maputo, akapata mahali pa kufanyia kazi katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Kazi zake zimeonyeshwa hadi Ulaya.

Hesabuni wenyewe: miaka kumi na miwili alikuwa nchini mwetu. Miaka hiyo nilikuwa darasani, chaki mkononi, nikisema sanaa ya Wamakonde ni mpingo.

Nawageukia sasa washairi. Mchongaji hupunguza, mfinyanzi huongeza. Katika neno “finyanga” mimi huisikia “finya”, kubana kwa vidole, na ndivyo kazi ilivyo: umbo huja kwa kubanwa kidogo kidogo. Nasi husema shairi hutungwa, kama ushanga, na kama mimba. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, wakimwonea huruma kwa umaskini wake. Mimi nauona pia ukosefu wa jina: watu wamekula katika kazi yake, wala hawamjui.

Kila hatua ya ufinyanzi ilikuwa na neno lake, kwa Kimakonde na kwa Kiswahili cha pwani: udongo mbichi na uliokandwa, mdomo wa chungu na bega lake, nakshi hii na ile. Mengi nimeyasahau. Mlioko Newala, Tandahimba, Mikindani na Msimbati, waendeeni bibi walio hai mkayaandike maneno hayo, na majina ya waliowapa. Udongo uwahi ungali maji. Mimi nimechelewa, sina hata kigae kimoja cha bibi yangu. Sufuria ninayo.