Wawindaji Nyangumi wa Lamalera na Desturi Yao ya Kugawana



Kila mwaka hesabu zisomwapo, twaulizana ni nani apate nini. Swali hilo lilijibiwa zamani na watu wa Lamalera, kijiji kilicho kusini mwa kisiwa cha Lembata, nchini Indonesia.

Ardhi yao ni ya mawe, haitoshi kwa kilimo. Kwa hiyo riziki yao hutoka baharini. Kuanzia Mei hata Oktoba humwinda nyangumi mwenye meno, yule atoaye ambari ijulikanayo pwani yetu. Nyangumi wa buluu ni mwiko kwao.

Mashua zao za asili, zenye urefu wa mita 10 hivi, huungwa kwa vijiti pasipo msumari hata mmoja, nazo hutukumbusha mitepe ya Lamu iliyoshonwa kwa kamba. Tanga lake husukwa kwa majani kama mkeka. Mpiga chusa, aitwaye lamafa, husimama omoni akishika mwanzi mrefu wenye chusa cha chuma. Wamkaribiapo nyangumi, huruka na kumwangukia, ili uzito wa mwili wake ukizamishe chusa. Hapo kamba hukaza, na mnyama huikokota mashua. Mwezi Machi 1994 mashua zilikokotwa mbali hata zikapotea, ingawa mabaharia waliokolewa.

Nyama haigombaniwi ufukoni, kwa maana kila kiungo kina mwenyewe tangu kale. Lamafa ana fungu lake. Vivyo hivyo mabaharia, wenye mashua, seremala, mhunzi na mshona tanga. Nao waliopata huwagawia jamaa na wajane. Kisha wanawake huchukua nyama kavu hadi vijiji vya milimani, wakabadilishana kwa mahindi na ndizi.

Katika miaka ya 1970 shirika la FAO lilimpeleka huko mwindaji wa Kinorwei ili kuwafundisha uwindaji wa kisasa. Kazi hiyo haikudumu, bali mashua za wenyeji ziliendelea. Nasi hatustaajabu, kwani chombo kipya chaweza kuleta nyama, lakini hakiwezi kuleta mapatano.

Basi, ndugu zetu, tujifunze jambo moja: wenzetu hawa hupatana juu ya mafungu kabla mashua haijashuka majini. Kanuni iliyowekwa mapema humlinda mjane hata siku ambayo hayupo mtu wa kumsemea. Mali bila kanuni huzaa ugomvi.