BAM: reli iliyopelekwa mbali makusudi

Abiria anayetoka Moscow kwenda pwani ya Pasifiki ana njia mbili. Ya kwanza ndiyo maarufu, kilomita 9,289 hadi Vladivostok. Ya pili huchepuka Tayshet, ikapita ncha ya kaskazini ya Ziwa Baikal na kuishia Sovetskaya Gavan, kilomita 4,300 hivi za misitu na milima. Hiyo ndiyo BAM, yaani reli kuu ya Baikal–Amur. Msafiri huipenda kwa kuwa iko mbali na watu, na walioichora waliitaka iwe mbali vilevile, ila kwa sababu nyingine.

Reli kongwe, ile ya Vladivostok, inapita karibu mno na mpaka wa China. Vita vikizuka ingekatwa, na Mashariki ya Mbali yote ingebaki kisiwa. Hofu hiyo ilikuja na Wajapani walipoiteka Manchuria mwaka 1931, ikarudi 1969 Warusi na Wachina walipopigana kwenye Mto Ussuri.

Wajenzi wa kwanza walikuwa wafungwa wa kambi za BAMLag, kuanzia 1932. Mwaka 1942 vyuma vilivyokwisha kulazwa hadi Tynda viling'olewa, vikaenda kujenga reli ya kijeshi kando ya Volga, vita vya Stalingrad vikiwa vimepamba moto. Kipande cha Tayshet hadi Mto Lena kilijengwa baadaye na wafungwa pamoja na mateka wa Kijapani. Brezhnev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alipowaita vijana wa Komsomol, umoja wa vijana wa chama cha Kikomunisti, waje kuijenga mwaka 1974, nyimbo zilikuwa nyingi. Hao waliotangulia hawakutajwa.

Vijana nao walitaabika. Ardhi ile imeganda mwaka mzima, na ukiipasha joto inayeyuka, tuta linadidimia. Mwaka 1984 reli ilitangazwa kuunganishwa, ilhali handaki la Severomuysk lilikuwa halijapenya mlima. Huko ndani maji na mchanga vilifumka mwaka 1979, vikaua wachimbaji. Kilomita 15 tu zilikula zaidi ya miaka 25. Treni zilizunguka mlimani hadi Desemba 2003, wakati dola iliyoanza kuchimba ilikuwa imeshavunjika miaka 12 nyuma.

Leo reli ni ya mizigo zaidi, hasa makaa ya mawe ya kwenda bandari ya Vanino. Treni za abiria ni chache, na wa kwenda mwisho hubadilisha Tynda na tena Komsomolsk-on-Amur. Anayetokea Tayshet achague dirisha la kulia: baada ya stesheni ya Severobaikalsk, ziwa liko upande huo.