Wastani Usiowahesabu Walioko Fora

Kwa miaka mingi, siku ya kutangazwa matokeo ya mtihani wa kitaifa ilikuwa siku ya hukumu kwa kaskazini mwa Kenya. Wilaya zilipangwa kwa wastani wa alama, magazeti yakachapisha orodha, na wilaya kame mara nyingi zikaonekana karibu na mkia. Oldonyiro, wadi ya Isiolo iliyo upande wa magharibi inakopakana na Samburu na Laikipia, ilibeba fedheha hiyo pamoja na wadi nyingine. Wakazi wake ni wafugaji, wengi wao Wasamburu, wakiwemo pia Waturkana, na maisha yao huendeshwa na mvua, malisho na siku ya soko la mifugo. Hoja yangu ni kwamba wastani ule ulibuniwa kwa mtoto anayeamka kila siku mahali pamoja. Ukitumiwa kupima shule ya wafugaji, unaficha jambo ambalo mzazi wa Oldonyiro ana haki ya kulijua kabla ya mengine yote: shule imewashika watoto wangapi, na kwa muda gani.

Orodha hizo hazikuanza kwa nia mbaya. Mtihani wa CPE wa kumaliza shule ya msingi, ulioanza mwaka 1966, ulikuwa mlango mwembamba wa kuingia sekondari, na mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya ililaumu jinsi ulivyoitawala elimu yote ya msingi. Katika muongo huohuo mtafiti Anthony Somerset alisaidia kuugeuza. Maswali ya kukariri yalipunguzwa, yakaletwa maswali ya kufikiri juu ya mambo ambayo mtoto wa mashambani huyaona kwa macho yake. Matokeo nayo yakaanza kurudishwa mashinani kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa orodha ya wilaya na shule kwa mpangilio wa ufaulu, ili waliolegea washtuke. Ya pili ilikuwa jarida lililotumwa shuleni, likieleza ni maswali gani yaliyowashinda watahiniwa, walipotoshwa na nini, na mada hizo zifundishwe vipi upya. Njia hizi zilikusudiwa kwenda pamoja. Orodha peke yake humwambia mwalimu kwamba ameshindwa, ilhali jarida humpa la kufanya Jumatatu asubuhi. Lakini orodha ndiyo iliyoingia magazetini na midomoni mwa wanasiasa, na ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu za watu.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na CPE ikarithiwa na KCPE, nguvu ya mtihani ilizidi. Lugha hii ninayoiandika ni ushahidi wa nguvu hiyo. Chini ya CPE Kiswahili hakikutahiniwa, na shule nyingi zilikipuuza. Kilipofanywa somo la lazima lenye mtihani chini ya 8-4-4, kikapata vipindi, vitabu na walimu. Kisichopimwa hakifundishwi kwa dhati. Shule zilizotaka kupanda kwenye orodha zilijifunza mbinu zake: kurudisha nyuma wanafunzi dhaifu, kuwahamishia wengine kwenye vituo tofauti vya mtihani, kukesha na maswali ya miaka iliyopita. Mwaka 2014 Waziri wa Elimu Jacob Kaimenyi alipiga marufuku kuorodhesha shule, na KCPE yenyewe ikafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Tuchukue shule ya kufikirika katika wadi kama Oldonyiro, tuone hesabu inavyokwenda. Watoto 40 wanaandikishwa darasa la kwanza. Kufikia darasa la nane wamebaki 9. Wastani wa shule ni jumla ya alama za wale 9 kugawanywa kwa 9. Wale 31 waliokwenda fora, yaani kambi za malisho za mbali, walioozwa, au waliokosa sare na karo ya bweni, hawamo juu ya mstari wa kugawanya wala chini yake. Mwalimu mkuu anayempokea msichana aliyerudi baada ya kujifungua, au mvulana aliyekosa muhula mzima kwa sababu ng'ombe walihamishwa, huenda akauona wastani wake ukishuka. Anayewaachia waende zao huenda akauona ukipanda. Kipimo kinachomlipa mwalimu wa pili na kumwadhibu wa kwanza kina kasoro ya msingi, na hakuna kusahihisha karatasi kwa uangalifu kutakakoiondoa.

Isitoshe, wastani uliibebesha jamii lawama ya serikali. Isiolo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambako sheria za kikoloni zilidhibiti nani aingie na nani atoke. Baada ya uhuru likaja vuguvugu la Shifta la kutaka kujitenga, na hali ya hatari. Waraka wa Bunge namba 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua, ardhi nzuri na barabara, kwa matumaini kwamba faida ingesambaa kwingine baadaye. Mwaka 1971 karo ya shule ya msingi ilifutwa katika wilaya kame, hatua njema, lakini mtoto aliyeko fora hazuiwi na karo tu. Ukame uliendelea kupiga: 1984, 2011, kisha misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana kuanzia mwishoni mwa 2020. Ukame ukishika, mlo wa mchana shuleni ndio unaoamua kama darasa litajaa au litabaki na madawati matupu. Hakuna safu ya mlo huo katika orodha ya matokeo.

Jamii yenyewe ina vigezo, na si vya kubahatisha. Familia nyingi za wafugaji zimegawa watoto wao, wengine shule na wengine mifugo, kwa sababu kila upande ni kinga dhidi ya maafa ya upande wa pili. Mzazi wa namna hii anaidai shule mambo bayana. Mtoto asipotee akiwa bweni. Arudi likizo akiwa bado anamtambua ng'ombe wa kwao kwa rangi na pembe, na bado ana nkanyit, heshima ambayo Paul Spencer, aliyewaandika Wasamburu katika kitabu chake cha 1965, aliiona kuwa uti wa mgongo wa maadili yao. Aliyeondoka kwa sababu ya ukame apokelewe bila matusi. Ajue kusoma na kuhesabu kiasi cha kutodanganywa bei sokoni. Sehemu kubwa ya haya inahesabika: waliobaki wakati wa kiangazi, waliorudi, wanaosoma aya moja na kuielewa. Tangu 2009 mradi wa Uwezo umewapima watoto nyumbani kwao, wawe wanakwenda shule au la, ikadhihirika kwamba upimaji unaweza kumfuata mtoto badala ya kumsubiri darasani.

Pingamizi zito dhidi ya kupima kwa vigezo vya jamii linatoka Tanzania. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka wanaoingia chuo kikuu wawe wamefanya kazi kwanza, na wapate mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la TANU, chama tawala. Baadaye tabia na bidii ya kazi zikaingizwa katika tathmini ya wanafunzi wa sekondari. Nia ilitokana na Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, nami naiheshimu. Hata hivyo, anayetoa alama za tabia ana mamlaka makubwa juu ya kijana, na mtoto wa mnyonge hana pa kukata rufaa. Funzo ninalolipata ni kwamba maadili ya jamii yatumike kuipima shule na wanaoisimamia, kamwe yasitumike kumpa mtoto alama ya utu wake. Mtihani ubaki kwa mtoto. Karatasi inayosahihishwa na asiyemjua imewatoa watoto wengi wa wafugaji hadi shule za kitaifa, na kuwanyang'anya ngazi hiyo kwa jina la utamaduni ingekuwa dhuluma.

Wengine watauliza: maadili ya nani? Jamii hiyohiyo imewakeketa wasichana na kuwaoza wakiwa wadogo. Swali hili halikwepeki. Sheria ya 2011 imeharamisha ukeketaji, na tangu 1994 sera ya Kenya inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, kwa hiyo baraza la wazee halina kura juu ya mambo hayo. Ila wazee si jamii yote. Wakiulizwa akina mama na wasichana wenyewe, idadi ya waliorudi baada ya kujifungua itakuwa kwenye mstari wa kwanza wa daftari la vigezo vyao, jambo ambalo orodha ya wastani haikulifanya hata mara moja.

Mtihani mpya wa KJSEA, wa kumaliza sekondari ya chini, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, ukiunganishwa na tathmini za miaka ya nyuma, na hamu ya kupanga kaunti kwa safu haijafa. Kabla ya hapo, mfumo wa NEMIS wa kusajili wanafunzi, uliofunga fedha za serikali kwa usajili wenye cheti cha kuzaliwa, ulimfanya mtoto asiye na cheti asionekane hata kwenye bajeti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka bodi za shule na bodi ya elimu ya kila kaunti, na ikaunda baraza la elimu ya wafugaji wahamaji, NACONEK. Hakuna kinachozizuia bodi hizo kusoma mbele ya wazazi wa Oldonyiro, siku ya soko, idadi ya walioandikishwa, waliobaki, waliorudi na walioko fora bila mwalimu, kisha zijibu maswali yao papo hapo.