Lefse, Mkate Uliozaliwa na Njaa

Krismasi inapokaribia katika miji midogo ya Minnesota na North Dakota, nchini Marekani, familia zenye asili ya Norwe hujaa jikoni kupika lefse: mkate wa viazi, mwembamba, laini, wa duara, wenye madoa ya kahawia. Wapo wanaoamini kwamba hiki ni chakula cha Waviking. Haiwezekani. Enzi ya Waviking ilikwisha katika karne ya 11, na wakati huo kiazi kilikuwa bado kinalimwa Amerika ya Kusini tu, kwenye milima ya Andes. Lefse ya viazi ina umri wa miaka 200 na ushei. Chimbuko lake ni njaa na vita, na waliouunda mkate huu ni wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Mkate mwembamba wenyewe ni wa zamani zaidi. Majira ya kulima Norwe ni mafupi, na nafaka zilizostahimili baridi yake ni shayiri na oti, ambazo unga wake hauumuki ipasavyo. Basi watu waliusukuma ukawa mwembamba na kuuoka juu ya jiwe lenye moto. Huko Hardanger, magharibi mwa nchi, mawe ya kuokea yalichongwa tangu Zama za Kati na kupelekwa sokoni. Vipande vyake vimefukuliwa mjini Bergen. Vinu vilizungushwa na maji ya vijito, na vijito hivyo huganda wakati wa baridi na kupungua kiangazi. Kwa hiyo unga ulisagwa kwa msimu, na mikate ikaokwa kwa wingi mara chache kwa mwaka. Ilikaushwa hadi ikawa migumu na kupangwa marundo ndani ya ghala la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo ili panya wasiifikie. Ilikaa miezi mingi bila kuharibika.

Kazi hiyo ilikuwa na mafundi wake. Wanawake waliobobea katika uokaji walikodiwa shamba hadi shamba, wakashinda mbele ya moto siku kadhaa mfululizo, kisha wakaelekea kwa jirani.

Kiazi kiliingia Norwe katikati ya karne ya 18, na wakulima hawakukichangamkia. Waliokipigia debe zaidi ni wachungaji wa Kilutheri, hata wakabandikwa jina la wachungaji wa viazi. Mmoja wao, Peder Harboe Hertzberg wa Finnås, alichapisha mwaka 1774 kijitabu cha kuwafundisha wakulima namna ya kukipanda na kukitumia. Lakini kilichowashawishi watu hasa ni tumbo tupu. Mwaka 1807 Waingereza waliushambulia mji wa Copenhagen na kuteka meli za kivita za mfalme wa Denmark, ambaye ndiye aliyeitawala pia Norwe. Mfalme akajiunga na Napoleon wa Ufaransa, adui wa Waingereza, bahari ikafungwa, na nafaka kutoka Denmark ikakatika. Mavuno ya mwaka 1812 nayo yakaharibika vibaya kwa baridi. Watu walichanganya unga na magome ya miti wapate cha kutia mdomoni. Mshairi Henrik Ibsen baadaye alitunga utenzi wa Terje Vigen, mtu aliyevuka bahari kwa mashua ndogo ya makasia kwenda Denmark kuwatafutia shayiri mkewe na mtoto wake.

Kiazi kilitoa chakula kingi kuliko nafaka kwenye kipande kilekile cha ardhi. Vita vilipokwisha kilipata sababu nyingine ya kupendwa: sheria ya mwaka 1816 iliwaruhusu wakulima kutengeneza pombe kali mashambani mwao, na viazi vikawa malighafi yake.

Jikoni, mama mwenye unga kidogo na viazi tele alifanya hesabu iliyo wazi: aliviponda akavichanganya na unga, na unga ukafika mbali. Mkate uliotokea ulikuwa na tabia nyingine kabisa. Ulikuwa na majimaji na ulaini, haukukaa ghalani, ulifaa kuliwa ungali mpya. Mikate ya nafaka peke yake haikutoweka, na Hardanger hadi leo wana lefse kavu inayololweshwa kwanza kabla ya kuliwa. Hata hivyo ile ya viazi ndiyo iliyoshika nafasi ya pekee kwenye meza za sikukuu, na kwa chakula kilichoanza kama mbinu ya kubana unga, hiyo ni heshima kubwa.

Mwaka 1825 jahazi Restauration liling'oa nanga Stavanger likielekea New York, likiwa na wahamiaji wa kwanza walioondoka kwa kundi. Katika miaka mia iliyofuata zaidi ya Wanorwe 800,000 walikwenda Amerika ya Kaskazini. Sensa ya mwaka 1801 ilikuwa imewakuta watu wapatao 883,000 tu katika Norwe nzima. Ufundi wa lefse ulisafiri nao, na huko ukawa alama ya asili yao. Mwaka 1983 wakazi wa Starbuck, Minnesota, walipika lefse moja yenye upana wa karibu mita tatu. Norwe kwenyewe, ndugu yake mdogo aitwaye lompe huviringishwa kwenye soseji na kuuzwa vibandani kila siku.

Mwenye tawa la chapati nyumbani anaweza kuipika. Chagua viazi vya unga, si vile vya majimaji. Vichemshe, vimenye, uviponde vingali moto hadi pasiwe na bonge hata moja, kisha tia siagi, malai kidogo na chumvi. Viache vipoe kabisa, ikibidi hadi kesho yake. Unga wa ngano utiwe dakika ya mwisho, maana ukiwahi kutiwa donge litalowa na kunata. Sukuma hadi iwe nyembamba sana, inyanyue kwa kijiti kirefu bapa, uioke kwenye tawa kavu lenye moto mkali, kisha uifunike kwa kitambaa isikauke. Wanorwe huipaka siagi, huinyunyizia sukari na kuikunja; nawe anza hivyo.