Kauri Ukutani: Nuru na Mapambo ya Nyumba katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Mgeni azuruye mahame ya Gedi, yaliyo kiasi cha kilomita 16 kusini ya Malindi, huonyeshwa nyumba zilizopewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1948, ndiye aliyezipa majina hayo kwa Kiingereza: iko nyumba ya mkasi, iko ya taa ya chuma, iko ya ushanga wa Venis; tena iko moja iliyoitwa kwa bakuli la Kichina, na nyingine kwa zile simbi ndogo za baharini zilizotumiwa zamani kama fedha. Mwenye kutaka kuyatia majina haya katika Kiswahili hukwama papo hapo, maana bakuli lile ni la kauri, na simbi zile nazo ni kauri. Nyumba ya Kauri basi ni ipi? Tusijilaumu sana. Waitalia nao walikiita chombo cha Kichina kwa jina la simbi hiyo hiyo, porcellana, na Waingereza wakalipokea neno hilo kwao. Kilichowavuta watu wa pande zote mbili ni mng'ao.

Katika makala haya tutauchunguza mng'ao huo: uliwekwa wapi ndani ya nyumba, na kwa nini ukawekwa hapo.

Yafaa tuanze na jambo ambalo halikuwapo. Huko Ulaya, tangu Zama za Kati, mafundi walikata vioo vya rangi, wakaviunga kwa vipande vya risasi, wakavitia katika madirisha ya makanisa na baadaye ya nyumba. Siku hizi watu huvinunua vioo hivyo vikiwa vikuukuu na kuvitundika dirishani majumbani mwao. Pambo la namna hii haliwi kitu bila ya jua lililo nyuma yake. Likiegemezwa ukutani hufa. Katika pwani yetu vioo vya rangi vilikuja kutumika katika majengo wakati wa karne ya 19, hasa kwa mkono wa mafundi na matajiri wa Kihindi. Mfano ulio mashuhuri ni jengo la Tharia Topan huko Unguja, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887. Wakati huo Gedi ilikuwa imekwisha hamwa zaidi ya miaka mia mbili.

Je, watu wa Gedi hawakukijua kioo? Walikijua. Vipande vya vyombo vya kioo vimechimbuliwa pamoja na shanga. Ila nyumba zao hazikumpa kioo wa dirishani mahali pa kukaa. Urefu wa boriti za mikoko uliubana upana wa chumba usizidi sana meta mbili na nusu. Vyumba vikawa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, na mwanga ukaingia kwa mlango kutoka uani. Chumba cha nyuma kabisa kilibaki na giza la mchana kutwa. Ndani ya giza hilo kitu cha kupendeza si kile kinachoipitisha nuru bali kile kinachoirudisha.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi, na hapa msomaji aniwie radhi nikikawia kidogo. Neno shubaka tumelitwaa katika Kiarabu, ambako maana yake ni dirisha. Katika Kiswahili limebaki na maana ya tundu la kupitisha mwanga, lakini pia limepata maana nyingine, ya kishimo cha ukutani kilichozibwa nyuma, mahali pa kuweka taa au vyombo. Dirisha limezibwa likawa kabati! Nadhani si mabadiliko ya bahati tu. Ukuta wetu mnene wa mawe ya matumbawe na chokaa ulikuwa na kazi ya kuhifadhi, na uwazi wowote uliofanywa ndani yake ulielekea kutazama ndani.

Huko Lamu sanaa hii ilifika upeo wake katika karne ya 18, kwa zile safu za zidaka zilizojaza ukuta mzima wa ndani, zikachorwa kwa chokaa na kupangwa sahani na bakuli. Si halali kuzichukua nyumba za Lamu na kuzipandikiza Gedi, kwani zimepitana kwa zaidi ya karne moja. Gedi tunaona vishimo vichache vya taa, si safu. Lakini tabia ni moja. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19 akiyalilia majumba ya Pate, aliona haja ya kuyataja madaka ya sahani kuwa yamegeuka malazi ya ndege. Miongoni mwa anasa alizozitaja imo pia kowa, neno la kale ambalo wafasiri wamelifahamu kuwa ni kioo safi; naye amekitaja kioo hicho katika taa na kuzi, wala si dirishani.

Wako wanaosema kwamba yote haya yalikuwa majivuno ya matajiri. Majivuno yalikuwapo, nani atakana? Lakini mtu ajivunaye huweka mali yake barazani ambako wageni watapita, naye Mwamu aliipanga zaidi katika chumba cha ndani kabisa. Linda Donley, aliyefanya utafiti Lamu katika miaka ya 1980, alieleza kwamba chumba hicho ndicho cha uzazi na cha kuoshea maiti, na kwamba vyombo na zidaka vilihusiana na kinga dhidi ya husuda. Maelezo haya yananiridhisha kuliko yale ya majivuno, kwa sababu yanatusaidia kuelewa kwa nini kauri ilitoka nyumbani ikafuatana na wafu.

Maana ilifuatana nao kweli. Mambrui, kaskazini ya Malindi, lipo kaburi la mnara lililopachikwa bakuli za Kichina za enzi ya Ming. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yako makaburi ya namna hiyo pia. Fundi alilibonyeza bakuli katika chokaa mbichi, mdomo ukitazama nje. Chokaa ikikauka, bakuli halikuwa tena chombo bali sehemu ya ukuta. Kulitoa ni kuuvunja ukuta au kulivunja lenyewe. Hata hivyo mengi yamebanduliwa, na mahali pake pamebaki kishimo cha mviringo chenye alama ya kitako.

Wenyeji wa Kilifi wanaijua hasara ya namna hii kwa upande mwingine. Vigango vya Wagiriama, vilivyosimikwa kwa ajili ya wahenga na visivyotakiwa kuhamishwa, viliibwa na kuuzwa vikawa mapambo ya nyumba na makumbusho ya ng'ambo. Mwaka 2019 vigango 30 vilirudishwa Kenya kutoka makumbusho ya Denver, Marekani. Kigango kilichorudi kinaweza angalau kutafutiwa mahali pake. Bakuli lililobanduliwa Mambrui au Kunduchi na kuuzwa halina alama yoyote ya kuonyesha kwamba liliwahi kuwa ukuta. Sokoni ni bakuli la Ming kama mengine.

Vitu vingi vilivyochimbwa Gedi vilipelekwa Fort Jesus, Mombasa, ngome iliyofanywa makumbusho tangu mwaka 1962. Huko kauri hukaa nyuma ya kioo, chini ya taa, nasi twaweza kuitazama ndani na nje, hata kitako ambacho fundi wa makaburini alikizika katika chokaa.