Hesabu ya CD4 Kondele

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyoko Kondele mjini Kisumu, ambayo wenyeji huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ilifunguliwa Oktoba 1969, kabla sayansi haijapata njia ya kutenganisha seli za kinga ambazo kwa darubini hufanana. Njia hiyo ilitokana na Georges Köhler na César Milstein, waliobuni mwaka 1975 namna ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu, yaani protini zinazonasa alama moja mahususi juu ya seli. Na mwaka 1982 wataalamu waliokutana Paris walianza kuzipa alama hizo majina ya pamoja, yenye herufi CD na nambari.

Mwaka 1984, UKIMWI ulipothibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza, watafiti wa Ufaransa na Uingereza walionyesha kwamba virusi vyake hujishika kwenye CD4, alama ya limfosaiti saidizi, zile seli nyeupe za damu zinazoratibu kinga, na hivyo idadi ya seli hizo ikawa kipimo cha kudhoofika kwa mgonjwa.

Hata hivyo, alama hiyo haina maana moja kila mahali: mbwa, ambaye alama zake zililinganishwa na za binadamu katika warsha ya kimataifa ya mwaka 1993, ana CD4 hata kwenye nyutrofili, seli zinazomeza bakteria, ambazo kwa binadamu hazina alama hiyo.

Nyanza, eneo ulipo mji wa Kisumu, iliyoathirika na UKIMWI kuliko mikoa mingine ya Kenya, ilijifunza kwa uchungu kwamba maana ya hesabu hutegemea pia uamuzi wa watu. Dawa za kuzuia virusi hivyo zilipoanza kuenea katika hospitali za umma, mwenye virusi asiye na dalili alisubiri hadi seli zake zishuke chini ya 200 katika mikrolita moja ya damu; Shirika la Afya Duniani lilipandisha kikomo hadi 350 mwaka 2010, kisha 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likakiondoa, Kenya ikafuata mwaka 2016. Kwa hiyo aliyekuwa na seli 300 mwaka 2005 aliambiwa asubiri, ilhali mwenzake mwenye idadi ileile miaka kumi na mitano baadaye alianzishiwa dawa bila kungoja hesabu yoyote.

Leo kipimo hicho hakimzuii mtu kupata dawa, bali humtambua aliyedhoofika mno, ili achunguzwe mapema kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu; na hiyo ndiyo kazi iliyostahili tangu mwanzo.